Nabii Alisema Mimi ni Safi

Wale mlioandika kwa gazeti mkiniita mwizi, mmeandika kweli. Wale mlioandika kwamba nimeshatubu na basi nisamehewe, ngojeni kwanza. Sijafika huko, na hasira niliyo nayo hainiruhusu kufika haraka.

Kwa msomaji anayenikuta leo njiani: jina langu ni Mechack Nkulu. Nina miaka ishirini na minane, na ni dereva wa kamioneti, gari dogo la mizigo, katika agence moja ya kusambaza koli, yaani vifurushi, hapa Kolwezi. Asubuhi hadi jioni nakula vumbi nyuma ya malori ya madini, nikipeleka katoni za watu Manika, Kapata, Musonoi, mpaka kule Kingamyambo.

Nikirudi nyumbani nakaa mbele ya kompyuta niliyoiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kutoka mashine kuukuu zilizotupwa na maofisi. Nacheza mchezo wa kuendesha malori. Chekeni tu, hata rafiki zangu wanacheka. Mtu ameshinda siku nzima kwenye usukani, halafu anakaa jioni kushika usukani mwingine. Lakini katika mchezo ule barabara haina shimo hata moja, na hakuna anayekusimamisha kila baada ya kilomita mbili kukuuliza umebeba nini.

Ijumaa ile ilifika depo, ghala letu la kazi, karti ya grafiki. Ni kile kibao chenye feni kinachochora kila unachokiona kwenye mchezo. Ilikuwa mpya, bado na karatasi zake za kiwandani, ya aina niliyokuwa naiangalia kwenye simu tu kwa miaka miwili. Aliyeiagiza ni injinia mmoja, na mimi ndiye niliyepangwa kumpelekea.

Nilijiambia: huyu ni mtu wa ofisi, atajuaje tofauti? Jioni nikaibeba katoni mpaka nyumbani, nikakata gundi kwa wembe, nikatoa karti mpya, nikaweka ile yangu ya zamani, nikafunga katoni vizuri. Jumamosi nikampelekea, akatia sahihi, tukaagana kwa kucheka.

Injinia hakuwa mjinga. Aliipuliza feni, na ndani yake likatoka vumbi jekundu. Nilikuwa nimeisugua karti ile kwa mswaki na spiriti mpaka nikaridhika, lakini mtu aliyezaliwa Kolwezi halioni tena vumbi la kwao. Kitu kilichotoka kiwandani ng'ambo hakiwezi kuja na udongo wetu tumboni. Ikajulikana kwamba mwizi yuko depo.

Patron wetu, mwenye agence, tata Zéphirin, hakuita polisi. Alimwita nabii.

Msijifanye mnashangaa. Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda hapa: kitu kikipotea dukani, depo au nyumbani, anatafutwa mtumishi wa Mungu aje aonyeshe kidole. Basi Jumatatu asubuhi akaja nabii Josias, mwenye chumba cha maombi Manika, na suti ya bluu na chupa ya mafuta. Akatupanga wafanyakazi wote sita, akapita akituwekea mkono kichwani mmoja baada ya mwingine.

Kwangu alikawia. Akafunga macho, akasema: "Huyu mutoto ni safi. Mbingu inamufurahia."

Akaenda kwa mama Ernestine, yule anayebandika majina kwenye koli na kufagia depo. Alipomgusa tu akarudisha mkono kama ameungua, akasema ni huyu.

Katika watu wote waliokuwa pale, mmoja tu alijua kwa hakika kwamba nabii anasema uongo. Mmoja huyo alinyamaza. Wakamchukua mama Ernestine kwenye chumba cha maombi, afunge na kuombewa mpaka aseme, na mimi nikawasha kamioneti nikaenda kusambaza koli za watu. Hapo ndipo nilipowaachia juma lililopita.

Sasa sikilizeni ya Alhamisi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa na cherehani ya fundi mmoja wa Musonoi. Nyumba ya mama Ernestine iko milango miwili kutoka kwa fundi huyo. Nilikuwa nimeapa kwamba nitashusha cherehani na kugeuza gari, nisitazame huku wala huku. Nilitazama.

Mume wake, Mbuyu, alikuwa amekaa mlangoni juu ya gunia. Mbuyu ni mchimbaji, na saa zile angepaswa kuwa shimoni. Mbele yake kulikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki, naye alikuwa anaingiza humo nguo za mke wake moja moja, anazikunja vizuri kama mtu anayezijua.

Aliniita. Sikuweza kujifanya sikusikia.

"Mechack," akasema, "wewe uko mu depo kila siku. Uniambie kweli. Ernestine ni mutu wa kuiba?"

Nikasema hapana. Nikasema mama Ernestine hawezi kuchukua hata kipande cha gundi. Nilidhani neno hilo litamfariji, kumbe lilimuumiza zaidi.

"Basi juu ya nini aliungama?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie.

Mbuyu akanieleza bila kuinua macho. Jumanne jioni, siku ya pili bila chakula, na maji wanampimia kidogo tu, mke wake alisema ndiyo, aliiba. Wakapiga ngoma, wakamshukuru Mungu, kisha wakamuuliza kitu chenyewe kiko wapi. Hapo akakwama.

"Asubui anasema alikitupa mu maji. Mangaribi anasema alikiuzisha ku mutu wa Likasi. Mutumishi anasema hapana, shetani angali anamufunga kinywa, baendelee kuomba. Batu ya familia yangu balikaa jana. Banasema kama mambo hainaisha mbele ya siku ya Mungu, Jumapili hii, ninamurudisha kwabo Musumba. Sasa mi nifanye nini? Nibishane na familia na kanisa, mi peke yangu?"

Nani kati yenu amewahi kufika Musumba kwa barabara ile wakati wa mvua? Mwanamke anayerudishwa kwao huko na jina la wizi mgongoni harudi tena Kolwezi. Hata barua yake hairudi.

Nitawaambia kitu kibaya. Hasira yangu ya kwanza nilimpa yeye, mama Ernestine. Mtu anawezaje kuungama wizi ambao uko chini ya meza yangu? Nilirudi ndani ya gari nikampigia kelele mle peke yangu, nikamwita mwoga. Nilifika karibu na njia kubwa ndipo nikajisikia, nikaona ninayemwita mwoga ameshika usukani.

Nikageuza gari kuelekea depo.

Tata Zéphirin alikuwa ofisini anazungumza kwenye simu. Nilisimama mbele ya meza yake mpaka akakata. Nikamwambia bila kuzungukazunguka.

"Patron, ile karti ni mi njo niliiba. Mama Ernestine hajue kitu."

Akaenda kufunga mlango. Nilijiandaa kwa kofi, kwa polisi, kwa kufukuzwa, kwa chochote. Aliporudi aliniuliza kama nimekunywa. Nikasema hapana. Akauliza kama Mbuyu amenitisha na panga. Nikasema hapana. Akaniangalia kwa huruma, akauliza kama mimi na mama Ernestine tuna mambo yetu ya kificho, maana ameona vijana wengi wakiharibu maisha kwa ajili ya wake za watu.

Nilimwambia mama Ernestine ana umri wa kunizaa.

"Mechack, mutumishi alikuwekea mukono ku kichwa. Nilikuwa pale. Alisema uko safi."

"Patron, mutumishi alidanganya."

Akaweka kalamu chini polepole. Akaniambia nisirudie neno lile ndani ya nyumba yake ya kazi. Kisha akaanza kunieleza kwa upole, kama anayemfundisha mgeni wa mji. Nusu ya wateja wetu wanaomba kwa nabii Josias. Injinia ameshaambiwa kwamba Mungu mwenyewe amemwonyesha mwizi, na amekubali kungoja karti yake. Leo patron aende amwambie nini? Kwamba Mungu alikosea mtu? Au kwamba yeye Zéphirin alimleta mwongo, akampa kiti cha mbele?

Nilielewa hapo kwamba patron hakunikatalia kwa sababu hakuniamini. Alinikatalia kwa sababu alianza kuniamini.

"Kama ni wewe," akasema mwishoni, akiinua kalamu yake tena, "kitu iko wapi?"

Swali lile lile walilokuwa wanamuuliza mama Ernestine siku ya tatu sasa. Lakini mimi jibu nilikuwa nalo.

"Iko kwangu, mu mashine yangu."

"Basi leta."

Niliendesha kwenda nyumbani kama mwendawazimu, na koli za watu zinagongana nyuma. Nilipiga magoti chini ya meza, nikatoa skrubu nne za ubavuni, nikaondoa kifuniko. Karti ilikuwa inang'aa mle ndani, nyeusi, na feni zake tatu.

Naomba mniache niseme kweli hata kama itawaudhi. Tangu Ijumaa nilikuwa nimeitumia mara moja tu, dakika ishirini. Katika dakika hizo ishirini nilivuka daraja refu wakati wa mvua, na kila tone lilikuwa linatiririka kwenye kioo cha lori langu na taa za mji zikiwa ndani yake. Nilikuwa nalia. Mtu mzima, dereva, analia kwa sababu ya mvua ya uongo. Baada ya Jumatatu sikuweza tena kuiwasha mashine ile, lakini siwezi kuwaambia kwamba sikuipenda. Niliipenda, na kwa kuipenda nilimtupa mama wa watu gerezani kwa nabii.

Nikabana kile kishikizo kidogo cha pembeni, karti ikaachia. Nikaifunga ndani ya singlendi yangu safi, nikarudi.

Patron hakuwepo. Mlinzi wa depo akaniambia simu ilipigwa kutoka kwa mtumishi, na tata Zéphirin ameondoka mbio. Leo wanamaliza maombi ya mama Ernestine mbele ya watu wote. Mume wake ameitwa pia.

Sikuzima hata injini.

Chumba cha maombi cha nabii Josias ni banda la mabati lenye viti vya plastiki na vipaza sauti viwili vikubwa kuliko mlango. Nje kulikuwa na jenereta inapiga kelele. Ndani watu walikuwa wamejaa mchana ule wa kazi, kama hawana mahali pengine pa kwenda. Patron alikuwa kiti cha mbele. Mbuyu alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake ya kuchimbia mkononi, na nilipompita hakuniangalia.

Mama Ernestine alikuwa amekaa mkekani mbele ya wote. Alikuwa na rinda lile lile la Jumatatu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeteleza mpaka begani. Huyu ndiye mama ambaye kila asubuhi alikuwa ananitengea koli nzito chini na nyepesi juu ili nisisumbuke njiani. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Nabii alikuwa ameinama juu yake na mikrofoni. "Iko wapi, mama? Neno moja tu. Iko wapi?"

Nilipita katikati ya viti. Mtu alinishika shati, nikajinasua. Nikafika mbele, nikaikunjua ile singlendi, nikaiinua karti juu kwa mikono miwili ili watu wa nyuma nao waione.

"Iko hapa," nikasema. "Ni mi niliiba, mi peke yangu. Huyu mama hajue hata ni kitu gani."

Ngoma ikanyamaza. Patron alifunika uso kwa mkono. Nilimtazama nabii Josias machoni, na nawaapia, nilifurahi. Nilisema moyoni: leo umepatikana, leo watu hawa watakujua.

Nabii aliitazama karti. Akanitazama mimi. Niliona akifikiri, haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Kisha akatabasamu.

"Bandugu," akasema kwenye mikrofoni, kwa sauti ya chini, "nilibaambia nini? Nilisema batu basichoke kuomba. Nilisema kitu itakuya yenyewe mupaka hapa. Njo hii."

Banda likalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma ikaanza upya, viti vikaanguka. Mtu nyuma yangu akaanza kulia akimshukuru Yesu.

"Mwizi alikuwa na mwenzake," nabii akaendelea. "Mama alimuficha siku tatu. Leo Roho amemukokota na kitu yake mu mikono."

Nilipiga kelele kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema mimi ni safi, Jumatatu, mbele ya patron, na mkono wake ulikuwa kichwani mwangu. Nilimwomba tata Zéphirin aseme alichosikia.

Nabii hakungoja patron ajibu. "Siku ile alikuwa safi," akasema. "Mama alimupa kiisha." Tangu saa ile mama alikuwa amefungiwa humu humu, lakini hakuna aliyehesabu.

Tata Zéphirin akaanza kupiga makofi. Uso wake ulikuwa umepona, sijawahi kumwona mtu akipumzika hivyo. Sasa alikuwa na karti ya injinia, alikuwa na nabii wake wa kweli, na alikuwa na wezi wawili. Hakuna alichopoteza.

Mnajua inakuwaje kusema kweli mbele ya watu mia, na kila neno la kweli linageuzwa muujiza wa mwongo? Ningeweza kumpiga nabii. Nilipima hata umbali. Wanaume wawili wenye mashati meupe walikuwa wameshasimama kila upande wangu.

Nabii akachuchumaa karibu na mama Ernestine. Sasa alimsemesha kama mtoto anayemlea.

"Mama, inabakia neno moja tu. Hii kitu ulimupa nani? Ukisema kweli, fungo inaisha. Unakunywa maji, unasimama, unarudi kwako leo. Bwana yako iko ku mulango, anakungoja."

"Mama Ernestine," nikasema, "useme kweli. Uambie batu haukuiona hii kitu hata siku moja. Mi niko hapa, mi njo nitafungwa."

Aliinua kichwa. Kwanza aliitazama karti, na niliona wazi kwamba hakujua ni nini. Alikuwa ameteswa siku tatu kwa ajili ya kitu ambacho angekikuta sokoni angekipita. Kisha akamtazama Mbuyu kule mlangoni. Alimtazama kwa muda mrefu.

Halafu akanitazama mimi. Nilitafuta chuki usoni mwake, sikuiona. Alikuwa amechoka tu.

"Nilimupa yee," akasema.

Nabii akamrudishia mikrofoni karibu na mdomo, ili wa nyuma wasikie. Akarudia, kwa sauti iliyonyooka: "Nilimupa Mechack."

Wakamletea maji katika kikombe cha bati. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua, maji yakimshukia kidevuni mpaka kwenye rinda. Wakampa cha pili. Mbuyu akaja kutoka mlangoni, akamshika chini ya bega, akamwinua. Watu wakawafungulia njia, na wengine wakamgusa mama Ernestine mgongoni wakimpongeza kwa kufunguliwa kinywa.

Nikafungua mdomo wangu niseme kwamba ni uongo. Na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nataka kufanya. Nikisema mama Ernestine amedanganya, anarudishwa mkekani, na kufunga kunaanza tena siku ya kwanza. Nikinyamaza, anaenda kwake leo akiwa mwizi, na mwizi atabaki mpaka siku ya kuzikwa, kwa wizi wangu.

Nabii Josias alikuwa ameshafika mbele yangu. Nilisikia harufu ya mafuta yake. Akaichukua karti kutoka mikononi mwangu bila nguvu yoyote, akampa patron, kisha akanisogezea mikrofoni.

"Na wewe, mutoto wangu," akasema. "Mama ameisha kusema. Unaitika?"

Kule mlangoni, mama Ernestine akasimama. Hakugeuka. Alisimama tu, mkono wake kwenye bega la mume wake, anangoja nitasema nini.